Viraka Vingi, Mshonaji Mmoja

Kama unashona mifarishi ya viraka kwa kupenda tu, bila bosi wala mteja, najua chini ya kitanda chako kuna nini. Kuna shangazi kaja moja imejaa miraba ya vitenge iliyokwisha kukatwa. Kuna kiroba chenye nusu ya mfarishi wa mtoto, na mtoto mwenyewe sasa yuko darasa la pili. Kabatini zimo kanga mbili ulizoziweka kwa ajili ya "kazi maalumu". Na juu ya cherehani kuna kitu kipya ulichokianza juzi, kwa sababu zile rangi ulizipenda mno kuzipita dukani.

Watu watakuambia umalize kimoja ndipo uanze kingine. Ni ushauri mzuri, na sijawahi kumwona mshonaji anayeufuata. Hapa Tabora hata kuuhubiri naona haya, maana mji wenyewe umekua kwa kusubirisha mizigo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Karagwe au Buganda ilifika hapa Unyanyembe, ikashusha nguo kwenye matembe, ikatafuta wapagazi wapya, ikangoja mvua ikatike au vita viishe. Mmisionari Livingstone, baada ya kuagana na mwandishi wa habari Stanley Machi 1872, alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, hadi Agosti akisubiri wapagazi waletwe kutoka pwani. Kusimama hakukuharibu mzigo. Mzigo uliharibika ukisimama umefumuka, haujulikani ni wa nani wala unaelekea wapi. Ndivyo ilivyo kwa mifarishi, na karibu kila utakachokisoma hapa chini kinatokana na hilo.

1. Zisizidi tatu, na zisiwe hatua moja

Mtu mwenye nyumba, shamba, misiba na harusi za ndugu anaweza kubeba kazi tatu. Moja iwe mezani, inapita kwenye cherehani. Moja iwe mkononi, ya sindano na uzi, unaikamata popote ulipo. Ya tatu iwe bado inakusanya vitambaa, haijaonja mkasi. Ukiweka mbili mezani zitagombania cherehani ile ile, pasi ile ile na jioni ile ile, na mojawapo itasogezwa ukutani ikapigwe na vumbi. Ikija ya nne, na itakuja, ichore daftarini. Mchoro hauli kitambaa.

2. Kila kazi na mtumba wake

Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 70 hivi, kama kilo 32, na mwenye msafara alitakiwa ajue nguo ya kaniki iko wapi na ya merikani iko wapi kabla hajafika kwa mtemi anayedai ushuru wake. Nawe ujue. Kila mfarishi upe kanga kuukuu moja ya kuufungia, huo ndio mtumba wake. Ndani tia miraba iliyokatwa, bitana, uzi wa rangi yake, karatasi ya maelezo (tutaifikia), na kile kipande cha kadibodi ulichotumia kukatia.

Hicho kipande cha kadibodi ndicho watu hukitupa, na ndicho cha thamani kuliko vyote. Ukikata kingine baadaye kwa kukisia, kikazidi kile cha kwanza kwa milimita 2 tu, kwenye safu ya miraba 10 umepotoka sentimita 2. Utashangaa kwa nini safu ya chini inatambaa nje ya ile ya juu, utalaumu cherehani, utamlaumu aliyekuuzia uzi.

Kanga inashinda mfuko wa nailoni kwa sababu inapumua. Mvua za Desemba na Januari zikikolea, nguo iliyofungiwa kwenye nailoni hutoka na harufu ya ukungu, wakati mwingine na madoa yake. Ukishafunga mtumba, jiulize swali moja: binti yako akiufungua usipokuwepo, ataweza kuendelea bila kukupigia simu? Kama hataweza, wewe mwenyewe hutaweza baada ya miezi sita.

3. Simama kambini, usisimame porini

Ukiniambia nichague kidokezo kimoja nitupe vilivyobaki, nitabaki na hiki.

Kazi huachwa. Mgeni amebisha hodi, mtoto ana homa, umeme umekatika. Lakini mfarishi una vituo vitano vya kulala salama. Cha kwanza, miraba yote imekatwa na kufungwa kumi kumi. Cha pili, safu nzima imeungwa na kupigwa pasi. Cha tatu, uso wote wa viraka umekamilika. Cha nne, tabaka zote tatu, yaani bitana chini, pamba au blanketi jepesi katikati, uso juu, zimeshikwa kwa bandi kubwa kubwa. Cha tano, umeshashona kote na kilichobaki ni pindo. Kwingine kote ni pori. Hodi ikilia ukiwa umebakiza miraba miwili kumaliza safu, itikia "karibu" huku unashona. Chai itachelewa dakika tatu, na mgeni wa Tabora hajawahi kuondoka kwa sababu hiyo.

Halafu ile karatasi. Watu wengi huandika walichokimaliza: "Safu ya 6 tayari." Hiyo unaiona kwa macho, haina haja ya kuandikwa. Andika kinachofuata: "Chukua safu ya 7. Inaanza na bluu kushoto. Mikunjo ya mshono ilale kulia." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayookoa kazi. Kwenye safu ya 6 mikunjo ya nyuma imelazwa kushoto. Ya 7 ikilazwa kulia, safu mbili zikikutana mikunjo inaumana na pembe nne zinagusana sawasawa. Zote zikilala upande mmoja, kila makutano yanakuwa na kinundu, na cherehani ikifika hapo inaruka. Ukirudi baada ya masika huwezi kukumbuka jambo dogo kama hilo. Karatasi inakumbuka.

Na toa pini. Pini iliyolala kwenye kitambaa msimu mzima huota kutu, na doa la kutu kwenye merikani nyeupe utazeeka nalo. Panapohitaji kushikwa, piga bandi. Kwenye cherehani nako, inua sindano na mguu kabla hujafunika. Usiiache imechoma kitambaa usiku kucha.

4. Hesabu kabla ya mkasi

Stanley alipokuwa Zanzibar mwanzoni mwa 1871 akijitayarisha kumtafuta Livingstone, hakujua abebe nguo kiasi gani. Aliuliza wafanyabiashara waliozoea njia, wakamwambia watu 100 wanahitaji doti 10 kwa siku kununulia chakula. Doti moja ni shuka mbili, yadi 4. Kwa mwaka akapata doti 3,650, akazigawa: merikani 2,000, kaniki 1,000, nguo za rangi 650. Tena aliambiwa kwamba, kati ya hizo za rangi, barsati inapendwa Unyamwezi na sohari inachukuliwa Ugogo, kwa hiyo hukuweza kujibebea unachokipenda wewe. Tusipambe mambo: nguo za njia ile zilinunua chakula, zilinunua pembe, na zilinunua watu. Lakini hesabu yake ya kufunga mizigo ni safi, na mshonaji anaweza kuiiga.

Chukua kitanda cha futi tano kwa sita, kile kilichojaa nyumba nyingi. Ni kama sentimita 150 kwa 180. Mraba ukiwa wa sentimita 15 baada ya kushonwa, unahitaji 10 kwa upana na 12 kwa urefu, yaani 120. Ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande, basi unakata wa sentimita 17. Kanga moja, yenye sentimita 150 hivi kwa 110, inakupa miraba 8 kwa 6, yaani 48, kama haijachakaa. Doti ya kanga inakupa 96. Kwa hiyo doti moja haimalizi kitanda, doti na nusu inabakiza. Unataka na urembo unaoning'inia pembeni? Hesabu upya, kwa kalamu, leo, siyo siku ukibakiza safu mbili na kitenge chenyewe kimeshatoweka madukani.

Namba hizo ziandike juu ya ile karatasi ya mtumba: inahitaji 120, zipo 84, bado 36. Hapo ukipita dukani unajua unatafuta nini, na kwa ajili ya mtumba upi.

5. Kipime kitambaa kabla hakijaungana na wenzake

Ukiwa na kazi tatu, vitambaa vinahama. Kipande cha mfarishi wa kwanza kinaonekana kinapendeza kwenye wa pili, unakichomeka, na siku ya kufua kinatoa rangi kwenye kila jirani yake. Kwa hiyo kitambaa kikiingia nyumbani, kabla hakijapangiwa mtumba, kifuliwe. Batiki, kaniki na vitenge vyekundu viloweke peke yao kwenye beseni jeupe. Maji yakibaki na rangi hata baada ya kusuuza mara kadhaa, kitambaa hicho kipeleke kwenye kazi ya rangi nzito tupu, au kifanye mfuko wa sokoni. Merikani ifue pia, na kwa maji ya moto, maana hurudi. Ikirudi ikiwa imeshashonwa na kitenge kisichorudi, uso wote utakunjamana.

Kuna vitambaa vinavyojifanya pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu. Nailoni na polista huyeyuka na kuacha kitonge kigumu. Hizo hazikatazwi, ila zisikae jirani na pamba, kwa sababu pasi inayonyoosha pamba itazikunja.

Kanga ina shughuli yake ya pekee: jina. Ukikata ovyo, maneno yanasambaa kitandani, nusu neno huku, nusu kule, na mgeni atalala akijaribu kuyaunganisha. Wengine huona raha hiyo, mimi pia sijali kwenye mfarishi wa nyumbani. Lakini mfarishi wa zawadi ukate jina zima kama ukanda, uamue: ama likae katikati kwa heshima, ama liende kwenye bitana. Na ulisome kwanza. Mfarishi wa kumpelekea mkwe, katikati pana kijembe kilichotungiwa mke mwenza, utaleta kikao cha ukoo.

Halafu anayekuambia kuunga viraka ni mambo ya kizungu, mkumbushe kanga yenyewe ilikotoka. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walinunua leso zilizochapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakakata tatu tatu, wakaunga vipande viwili wakapata nguo moja ya leso sita. Wafanyabiashara waliona mtindo umeshika ndipo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa hivyo.

6. Vipande vya fundi, kwa kipimo

Hazina ya mshonaji wa viraka iko chini ya meza za mafundi cherehani, pale barazani mbele ya maduka ya vitenge. Mwendee fundi jioni, kabla hajafagia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Njema. Karibu."

"Vile vya chini ya meza unavifanyia nini?"

"Vya kuwashia mkaa tu, mama. Beba."

Ukibeba bure leo, kesho peleka maandazi, keshokutwa mpelekee kitenge chako akushonee gauni kwa bei yake bila kuomba apunguze. Hapo ataanza kukutengea vile vikubwa, na harusi ikiwa na sare ya watu arobaini, atakupigia simu.

Ila weka kipimo: mfuko mmoja wa vipande nyumbani, mmoja tu. Ukijaa, hakiingii kitu mpaka kitoke kitu. Vipande vya bure ndivyo vinavyozaa kazi mpya, kwa sababu kila kimoja kinakuambia "nianzie mfarishi". Visivyofika upana wa kiganja usivitunze kwa huruma. Vikate vidogo uvitie ndani ya mito.

7. Iwepo kazi moja ya kwenda nayo

Mtazame mwanamke anayesuka ukili. Anasuka akiongea, akimsubiri mtu, akiangalia chungu, na ukili unarefuka bila yeye kuutengea muda. Siku ya kushona mkeka ndiyo inayohitaji nafasi na utulivu. Siku za kusuka hazihitaji chochote. Kazi yako ya mkononi iwe ya aina hiyo, vipande vidogo vinavyokaa kwenye mkoba pamoja na sindano, uzi na mkasi mdogo. Kwa sisi wa Tabora fursa haikosekani. Reli ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, njia ya Mwanza ikafuata 1928, na mpaka leo hapa ndipo njia zinapoachana. Treni ya kuelekea popote ina saa za kutosha kuunga miraba mingi sana, na jirani wa kiti atakuuliza unashona nini, na kama mnaelekea Kigoma, kabla hamjafika Kaliua atakuwa anakushikia ncha ya kitambaa.

Kama unataka mtindo unaofaa kabisa kwa kazi hiyo, wajue Wasidi wa Karnataka, India. Ni watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi kupitia bahari hii hii ya Hindi, na wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi kwa nguo zilizochakaa. Hawana haja ya cherehani, wala ya kumaliza uso kwanza ndipo waufunge na bitana. Wanatandika nguo ya chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia pembezoni, wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake kwa ndani, wanapiga bandi inayopita tabaka zote, wanaweka kingine kando yake, na kuzunguka hivyo hivyo mpaka wafike katikati. Kwenye pembe nne wanatia vipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa, vinaitwa phula, maana yake maua. Mfarishi usio na phula wenyewe wanauona uko uchi.

Ninachoupendea mtindo huu, kwa mtu mwenye kazi nyingi, ni kwamba hauna pori. Kila kiraka kikishashonwa kimeshamaliza hatua zote: kimeungwa, kimeshikana na bitana, kimepigwa bandi. Unaweza kuacha popote ukarudi baada ya mwaka, ukaanza kiraka kinachofuata. Jaribu kwanza kwa kitu kidogo, mfarishi wa kichanga, sentimita 80 kwa 100. Shona kwa uzi mnene wa pamba, bandi ziwe na nafasi ya upana wa kidole kati ya mstari na mstari. Ukibana zaidi ya hapo unachoka. Ukilegeza zaidi, na ndani umetia pamba, pamba itakimbilia pembe moja siku ya kufua.

Nikitaja pamba, wenye ndugu Igunga na Nzega hamna sababu ya kununua ya dukani. Chambua, tandaza nyembamba, na kama unaona kazi ni nyingi, blanketi jepesi kuukuu linafanya kazi ile ile na halisogei.

8. Pasi iwashwe mara moja

Usishone mfarishi kwa mfarishi. Shona hatua kwa hatua. Pasi ya mkaa ikishapata moto, nyoosha vitambaa vya mitumba yote mitatu. Uzi mweupe ukiwa kwenye bobini, maliza mishono yote ya uzi mweupe. Meza ikiwa wazi na mkasi umenolewa, kata. Cherehani ya kukanyaga, Butterfly au Singer ya bibi, haijali umeme, kwa hiyo usiku wa giza weka taa ya sola na ushone mistari iliyonyooka. Kulinganisha rangi kusubiri mchana. Bluu na nyeusi usiku ni ndugu.

9. Fuata majira

Hapa mvua huanza Novemba na kuishia Aprili. Miezi hiyo watu wako shambani, nguo hazikauki, na ukitandaza mfarishi sakafuni utapata nyayo za tope. Fanya kazi za mkobani na za kupanga. Mei mvua ikikatika, fua na anika kila kitu, kisha tandaza ile mikubwa: fagia, weka mkeka, bitana uso chini, pamba, viraka uso juu, anza bandi katikati ukielekea nje huku unalaza kwa kiganja. Juni na Julai usiku wa Tabora unauma, na huo ndio wakati mfarishi unapoombwa. Ukitaka utumike mwaka huu, bandi ya kushika tabaka iwe imepigwa Mei.

Na usisahau wenyeji wa chini. Mchwa wa nchi ya miombo hawachagui, wanakula fremu ya mlango na mfarishi wa harusi kwa hamu moja. Mitumba isikae sakafuni wala kugusa ukuta; itie kwenye sanduku, ulipandishe juu ya matofali na ulichungulie mara kwa mara. Majani makavu ya mwarobaini kati ya mikunjo yanasaidia kwa wadudu wadogo. Kwa panya, paka.

10. Hongo za ndugu

Misafara ilitoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila mtemi iliyempitia, tena kwa nguo, na mazungumzo yake yaliweza kuchukua siku kadhaa. Mshonaji wa viraka naye ana watemi wake. Umeposti picha ya mfarishi mmoja tu kwenye WhatsApp, na ukoo mzima umeamka.

"Shangazi, na wangu lini?"

"Wako bado uko dukani, mwanangu. Ukaulete."

Hilo ndilo jibu langu, na silibadilishi. Anayetaka alete vitambaa, vimefuliwa, na doti na nusu siyo kanga moja. Tisa kati ya kumi hawarudi, bila ugomvi. Anayerudi amekuonyesha kwamba anautaka kweli, basi muingize kwenye zile tatu, kwa zamu, na usimpe tarehe. Mpe majira: "Baada ya mavuno."

Mwenye kutaka kukulipa umfikirie mara mbili. Ukishapokea hela, kazi ya huyo inaruka foleni, unashona rangi usizozipenda kwa saa usizozitaka, na zile mbili zako zinalala. Hakuna ubaya kuwa fundi. Ila uwe umeamua, na upange bei ya saa zako zote, siyo ya uzi tu.

Kichanga na bibi arusi peke yao ndio wanaopita bila kusimama.

11. Kazi iliyogoma

Kila mwaka baada ya mvua, fungua mitumba yote siku moja, iweke kitandani uitazame. Kuna mmoja utaufungua na moyo utashuka. Rangi ulizozipenda wakati ule sasa zinakuchosha, au aliyekuwa ashonewe mmeshagombana. Huo usiufunge tena.

Pima ulichonacho. Mfarishi wa futi tano kwa sita uliokwama safu ya 4 una sentimita 150 kwa 60: hilo ni tandiko la benchi la barazani, tayari, linahitaji bitana na pindo. Ukikwamia safu ya 6, una 150 kwa 90. Kata katikati upate mawili ya 75 kwa 90, moja la kumlazia mtoto mkekani, la pili la jirani aliyejifungua. Miraba ambayo haijaungwa, minne minne inatoa uso wa foronya ya mto mdogo wa kochi. Iliyobaki irudi kwenye ule mfuko mmoja, kama una nafasi. Kama hauna, mpelekee yule binti wa jirani anayekuja kuchungulia dirishani kila cherehani ikilia, pamoja na sindano, uzi, na kipande cha kadibodi cha sentimita 17.